Jina Chini ya Ramani

Siku ambayo duka la ushirika la Sumbawanga lilipata sabuni, mji mzima ulijua kabla mwenye duka hajafungua kufuli. Foleni ilianzia mlangoni, ikapita kwa fundi baiskeli, ikakunja kona na kuishia karibu na soko. Ilikuwa Juni. Ule upepo wa Ufipa unaopenya hadi kwenye mifupa ulikuwa kazini tangu alfajiri, na watu walisimama wamebanana ili kila mmoja aibe joto la jirani yake.

Zita alikuwa katikati ya foleni, amevaa sweta ya kijivu juu ya gauni la tetroni lenye maua madogo, na viatu vya raizoni vilivyompa urefu ambao Mungu alimnyima. Alikuwa na hasira. Hakupenda foleni, na zaidi ya hapo hakumpenda mtu aliyesimama nyuma yake, maana mtu huyo alikuwa hanyamazi.

"Fikiria ukumbi," mtu huyo alikuwa akimwambia mwenzake. "Hauna nguzo hata moja katikati. Watu wote wa mji huu wamo ndani, na kila mmoja anamwona msemaji uso kwa uso. Ukiingia tu, unahisi umekumbatiwa."

Zita akageuka. Aliona kijana mrefu mwenye suruali ya bugaluu ya bluu na shati jeupe la kola ndefu, nywele zimechanwa zikasimama, mikono miwili ikijenga ukumbi hewani juu ya vichwa vya watu.

"Na paa litashikwa na nini, ndugu?" Zita akamuuliza. "Na maneno?"

Foleni ikaangua kicheko. Yule kijana naye akacheka, tena kwa sauti kuliko wote, na hapo ndipo Zita alipokamatika. Wanaume aliowajua yeye walikuwa hawachekwi wakacheka.

"Litashikwa na dada mkali kama wewe," akasema, "ukikubali."

Akajitambulisha kuwa anaitwa Andwele, kwao ni Tukuyu, na amefika juzi kwa basi la Mbeya. Zita hakumtajia jina. Lakini walipofika dirishani mche wa mwisho wa sabuni ulimwangukia yeye, na Andwele akabaki ameshika kikapu kitupu. Zita alitembea hatua chache, akasimama, akarudi. Akachomoa uzi kwenye pindo la sweta yake, akaukata mche ule vipande viwili, akampa kimoja.

"Ndaga," Andwele akashukuru kwa Kinyakyusa. Alikuwa ameacha kucheka, na alimtazama mpaka Zita akaona haya ya kusimama pale.

Jumatatu yake walikutana tena, safari hii katika chumba cha michoro cha ofisi ya ujenzi. Sumbawanga ilikuwa haijamaliza hata miaka miwili tangu ifanywe makao makuu ya mkoa, na kila siku kulihitajika kitu: nyumba ya huyu, ofisi ya yule, ghala, zahanati. Bwana Modesti, mkuu wa chumba hicho, mtu wa suti ya Kaunda na maneno ya kupimwa, alimleta Andwele mbele ya meza ya Zita akasema huyu ndiye mbunifu mpya. Zita alikuwa mchoraji. Wote wawili walisoma chuo kimoja Dar es Salaam kwa nyakati tofauti. Andwele aliongezewa mwaka mmoja mbele, Zita hakuongezewa, na mwaka huo mmoja ndio uliomfanya mmoja aitwe mbunifu na mwingine aitwe mchoraji.

Mapenzi yao yalianzia kwenye meza ile ya kuchorea. Andwele alikuwa mtu wa mdomo. Alikuja asubuhi na nyumba nzima kinywani, akaizungumza akitembea huku na huku, na Zita akaikimbiza kwa penseli. Mchana walikwenda kula ugali wa ulezi na maharage kwenye hoteli ya karibu na stendi, wakataniana. Andwele alimwita mwalimu, Zita akamwita redio. Jumapili Andwele alimsubiri nje ya kanisa Katoliki, yeye ambaye kwao ni Wamoraviani, akiwa amesimama upande wa pili wa barabara kwa heshima, kisha wakatembea pamoja hadi Izia alikokuwa akikaa Zita, wakipita kwenye mikaratusi iliyokuwa ikivuma kwa upepo. Agnesi, mpiga chapa wa ofisi na rafiki wa Zita, alikuwa ameshaanza kuuliza rangi ya sare za harusi.

Kisha mkoa ukaagiza ukumbi.

Ulikuwa ukumbi uleule wa kwenye foleni. Andwele aliusema vizuri mno, usio na nguzo, wenye kukumbatia, na jukwaa mwisho kabisa, mkabala na mlango, kama ilivyo katika kumbi zote. Zita aliuchora hivyo. Akavuta mistari kutoka kwenye kila kiti hadi kwenye jukwaa, akakuta watu wa nyuma hawaoni kitu isipokuwa visogo. Akaweka karatasi angavu juu ya karatasi ya kwanza, akachora tena. Akaweka ya tatu. Andwele alikuwa amekwenda Mpanda kikazi, chumba kilikuwa kimya, na Zita alikuwa hafikirii jambo lolote ambalo angeweza kulitaja kwa jina. Mkono ulikuwa unatafuta. Kwenye karatasi mojawapo penseli ililihamisha jukwaa, ikaliweka katikati ya ukuta mrefu, na viti vikajikunja kulizunguka pande tatu. Ghafla mtu wa mwisho akawa karibu. Ghafla ukumbi nao ukahitaji upana mdogo, paa likawa na nafasi fupi ya kuvuka, na mbao za kawaida zikatosha. Zita aliketi akitazama kitu ambacho hakukijua kabla hajakichora. Alifurahi mpaka macho yakamlenga.

Andwele aliporudi aliitazama ramani kwa muda mrefu. Kisha akampiga Zita busu la shavu mbele ya Bwana Modesti, jambo ambalo lilizungumzwa ofisini kwa wiki nzima.

"Ndio huuhuu!" akasema. "Ndio niliousema!"

Zita hapo alisita kidogo, lakini mtu akipenda husamehe upesi. Ilibaki kazi ya wino, na chini ya ramani, kwenye pembe ya kulia, kile kisanduku cha mistari mitatu: Amebuni, Amechora, Amekagua. Zita alijaza mstari wa pili kwa jina lake, kama siku zote. Wa kwanza akauacha wazi, akamfuata Andwele aliyekuwa anakimbilia basi, akamuuliza aandike nini.

"Kama kawaida, mpenzi," Andwele akajibu huku akipanda ngazi ya basi.

Kawaida ilikuwa jina la mbunifu wa ofisi. Zita akaliandika kwa mkono wake mwenyewe, herufi moja moja. Alijipa moyo kwamba karatasi ni karatasi, na siku wageni watakapokuja Andwele atasema kwa kinywa chake.

Wageni walikuja. Walitoka Dodoma, kule makao makuu mapya ya nchi yalikokuwa yakipangwa, na walikuwa wakizunguka mikoani kutafuta vijana wa kwenda kubuni majengo yake. Waliitandaza ramani ya ukumbi mezani. Mmoja wao, mzee mwenye miwani, akaweka kidole kwenye jukwaa na kusema kwamba hajaona jambo hili mahali pengine popote hapa nchini. Akauliza ni nani aliyewaza kulileta ubavuni.

Zita alikuwa amesimama hatua moja nyuma ya Andwele. Moyo ulimwenda mbio kwa furaha.

"Mimi," Andwele akasema.

Alilisema bila kumeza mate. Wageni wakampa mkono, wakaandika jina lake, wakasema watarudi kuona kazi yake nyingine. Zita alikunja ramani, akaifunga kwa utepe, akaiweka mahali pake.

Siku hiyo jioni Andwele alimpitia wakatembee. Zita akamwambia kichwa kinamuuma. Kesho yake kilimuuma tena. Andwele alimuuliza amemkosea nini, na aliuliza kwa uso mweupe kabisa, usio na hatia, na huo uso ndio uliomchoma Zita kuliko lile neno. Mwizi anayejua ameiba angalau anakuheshimu. Huyu alikuwa ameiba na bado anakuja kukuuliza kama umekula.

"Mwambie," Agnesi akamshauri.

"Simwambii," Zita akajibu. "Yeye ni mbunifu, mimi mchoraji. Basi nitachora. Nitachora kila atakachosema na sitaongeza kitu. Tuone maneno yake yatasimama wapi."

Agnesi akatabasamu, maana naye alikuwa na mtu wake wa zamani ambaye hajamlipizia kisasi bado.

Nafasi haikukawia. Kijiji kimoja karibu na Laela, watu waliohamishiwa pamoja kando ya barabara ya Tunduma, kiliomba ghala la mahindi. Andwele alikuwa Mbeya akifuatilia saruji, na kazi ilitakiwa haraka, hivyo akapiga simu. Simu ya Mbeya siku hizo ilikuwa ya kupigania. Kwanza unamsikia opereta, kisha mluzi, kisha sauti ya mtu kama yuko ndani ya pipa.

"Zita wangu, unanisikia?"

"Nakusikia, Ndugu Andwele."

"Siku hizi mimi ni Ndugu?"

"Sema kazi. Watatukata."

Akasema kazi. Sakafu iinuliwe hadi usawa wa bodi ya lori, ili magunia yasukumwe moja kwa moja kutoka ghalani kuingia garini. Hilo lilikuwa wazo zuri. Mlango mkubwa utazame barabara, kijiji kionekane. Nalo zuri. Mbele kuwe na baraza lenye nguzo, wakulima wapate kivuli, na ngazi pana za mawe, ngazi za heshima, mkulima apande kama mtu na si kama punda. Alisema hivyo kwa sababu alikuwa anaamini.

Zita alikuwa anachora kwa penseli huku amebana simu kwa bega, na kabla Andwele hajamaliza alishaona. Kila neno lilikuwa zuri likiwa peke yake. Yalipokutana kwenye karatasi yakaanza kugombana. Ngazi na nguzo zilisimama palepale ambapo lori lingetakiwa kurudi nyuma ligusane na sakafu. Lori lingesimama mbali, na kila gunia lingeshuka ngazi za heshima mgongoni mwa mtu.

"Umeelewa yote?" Andwele akauliza.

"Yote."

"Huna la kuongeza? Wewe siku zote huwa una la kuongeza."

Zita aliinua penseli kutoka kwenye karatasi. Ulikuwa wakati wa kusema, na alijua kwamba ni wakati huo. Akilini alimwona yule mzee wa miwani, akaona kidole chake juu ya jukwaa.

"Mimi ni mchoraji," akasema. "Nachora."

Aliitia wino kwa siku kadhaa, na kusema kweli haijawahi kutoka ramani nzuri zaidi katika chumba kile. Kila jiwe la ngazi lilikuwa na kivuli chake. Akajaza kisanduku kama kawaida. Andwele alipita Sumbawanga kwa haraka, akaitazama ikiwa juu ya meza, akasema ghala hili litapigwa picha, akaweka sahihi. Bwana Modesti naye, ambaye alikuwa amezoea kwamba mikono ya Zita haikosei, akaweka yake.

Wanakijiji walijenga kwa nguvu zao. Wanaume walichoma matofali, wanawake wakatoa mawe ya ngazi mtoni, wakayabeba vichwani. Zita alikuwa anasikia habari hizo ofisini na kila aliposikia alihisi kitu kitamu na kichungu kikimpita kooni. Alitamani siku ifike. Wakati mwingine aliamka alfajiri akiipiga picha: Andwele amesimama mbele ya watu, mdomo wazi, na kwa mara ya kwanza hakuna neno linalotoka.

Siku ilifika mwishoni mwa Oktoba, mawingu ya kwanza yakiwa yameanza kukusanyika upande wa Tunduma. Bwana Modesti, Andwele na Zita walikwenda na Landrova kukagua. Kuta zilikuwa zimefika kifuani, ngazi zimekamilika, nguzo za baraza zimesimama, na ngazi zile zilikuwa nzuri, nani atabisha. Mzee Leonardi, mwenyekiti wa kijiji, aliwapokea akiwa amevaa koti lake la kanisani. Wakamwamkia. Wakati wanaongea likaja lori la mabati, na dereva kwa kuwa aliambiwa sakafu ni ya usawa wa bodi, akaanza kurudi nyuma.

Akarudi mpaka karibu na ngazi akasimama. Akasogea kushoto, nguzo. Kulia, nguzo. Akashuka, akatazama sakafu kule juu ndani, akatazama lori lake huku nje, akauliza kwa adabu magunia yatafikaje.

Kristiana, mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni, aliyekuwa kiongozi wa akina mama waliobeba mawe, akasema kwa sauti ya kawaida kwamba basi kumbe walibeba mawe kujijengea kazi nyingine ya kubeba. Hakuna aliyecheka. Zita alikuwa ameisubiri dakika hiyo kwa wiki nyingi, na alipoipata aliifurahia, tusimsingizie wema. Ila alijitahidi kutomtazama Kristiana.

Bwana Modesti akatandaza ramani juu ya boneti ya Landrova. Akaisoma, akainua macho, na macho yake yakaenda moja kwa moja kwa Zita. Akauliza kama mchoraji ndiye aliyeziweka nguzo mahali sipo.

Zita akangoja. Hili nalo alikuwa amelipigia hesabu. Andwele atasema ndiyo, na yeye atajibu mbele ya kijiji chote, na majibu alikuwa nayo tele.

Andwele aliinama juu ya ramani. Alipitisha kidole kutoka kwenye barabara hadi kwenye ngazi, kutoka kwenye ngazi hadi kwenye sakafu. Alikuwa anaisoma kwa mara ya kwanza.

"Hapana," akasema. "Amechora nilichosema. Neno kwa neno." Aliponyanyua uso ulikuwa umebadilika. "Bwana Modesti, hivi ndivyo maneno yangu yalivyo yakiachwa yenyewe. Na ule ukumbi pia niliusema. Nilisema jukwaa liwe mwisho. Sikusema jambo lingine lolote. Wale wageni niliwadanganya, na nilikuwa sijui kwamba nawadanganya mpaka sasa hivi."

Upepo ulikuwa unaivuta pembe ya karatasi. Zita aliona kisasi chake kizima kimemponyoka mikononi, na badala ya kushukuru akaona hasira mpya. Alitaka kumwangusha. Hakutaka ajishushe mwenyewe kwa upole.

Bwana Modesti alikuwa mtu wa kukata maneno. Aliagiza ramani ibuniwe upya na Zita kabla mvua haijakolea, ichorwe na Andwele, na wale wa Dodoma watakapokuja wataletwa hapahapa waione. Jina litakalokuwa mstari wa kwanza ndilo litakalopelekwa Dodoma.

Wakabadilishana viti. Andwele aliketi kwenye stuli ya Zita, magoti yakagonga meza, na Zita akasimama nyuma yake. Alimtesa. Alimfanya arudie mstari kwa sababu ulikuwa mnene, akamfanya arudie tena kwa sababu ulikuwa mwembamba. Alimwambia mchoraji hazungumzi kazini. Andwele hakulalamika. Wino ulimchafua hadi kwenye mkono wa shati, na mara moja tu aligeuka akasema, "Mwalimu, hii kazi inauma mgongo," na Zita akageukia dirishani ili asimwone anacheka.

Ubunifu wake Zita ulikuwa wa kuvunja. Ngazi zote zing'olewe, nguzo zote ziangushwe, lori liingie kwa mbele. Ulikuwa ubunifu sahihi, lori lingefika. Na kila anayepita barabara ya Tunduma angeyaona mawe ya Andwele yamerundikwa kando.

Siku ya pili, alasiri, kalamu ya Andwele ikasimama.

"Zita. Njoo uone hapa."

"Mchoraji hazungumzi."

"Ndiyo, lakini kalamu imenikatalia." Alikuwa akifuatisha mstari wa ardhi, ule Zita alioupima mwenyewe na kuuweka kwa penseli. "Huku nyuma ardhi iko juu. Huku ubavuni inashuka. Inashuka mpaka usawa uleule wa mbele. Lori likija ubavuni linaikuta sakafu usawa wake, bila ngazi, bila nguzo. Kuta bado fupi, tunafungua mlango hapa tu. Hakuna cha kuvunja. Akina mama waje na mahindi yao kwa mbele, wapande ngazi walizozijenga, wasinyeshewe barazani. Lori lichukue huku. Hawagongani."

Zita aliinama. Nywele zake ziligusa shavu la Andwele na wote wawili wakajifanya hawajaona. Mstari ulikuwa unashuka. Aliuchora yeye mwenyewe, kwa mkono wake, na hakuuona, kwa sababu macho yake yalikuwa yanatafuta kifusi. Huyu redio, huyu mtu wa mdomo, alikuwa ameuona kwa sababu alilazimika kuufuata taratibu kwa ncha ya kalamu. Lilikuwa wazo zuri kuliko lake. Lilimuuma.

"Sawa," akasema. "Chora hivyo."

Hakusema asante. Andwele akachora. Ilipokwisha, akauliza aandike nini kwenye kisanduku, na Zita akamjibu aandike kama kawaida. Kalamu ilitulia kidogo. Kisha Andwele akaandika: Amebuni, Zita. Amechora, Andwele.

Wageni wa Dodoma walirudi, wakapelekwa hadi kijijini. Lori lilirudi nyuma ubavuni mwa ghala, likagusana na sakafu kwa mgusano laini, na kijiji kikapiga makofi. Kristiana na wenzake walipanda ngazi zao wakiwa na madebe ya mahindi vichwani, wakapiga vigelegele wakiwa juu kabisa. Yule mzee wa miwani alishika ramani, akasoma jina, akampa Zita mkono akasema anasubiriwa Dodoma mwezi ujao.

Ndipo Mzee Leonardi akasogea. Alivua kofia. Akasema kwa Kiswahili chake chenye Kifipa ndani kwamba wao walikuwa wamekaa wakisubiri kuambiwa wavunje, na kina mama walikuwa wamelia, wala asifiche.

"Sasa naomba kujua, binti yangu," akasema. "Nani aliona kwamba ngazi za mama zetu zisivunjwe?"

Andwele alikuwa amesimama karibu, mikono nyuma. Watu wote walikuwa wanamtazama Zita kwa upendo, na ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kutazamwa na watu wengi namna hiyo.

"Ni mimi, baba," Zita akasema.

Lilitoka lenyewe. Vigelegele vikapigwa tena, Kristiana akamkumbatia, na Zita akatabasamu huku masikio yakimvuma. Alipopata nafasi aliondoka, akazunguka nyuma ya ghala mahali penye matofali yaliyobaki, akasimama peke yake. Hakuwa peke yake kwa muda mrefu.

Andwele alikuja taratibu. Zita alisubiri lawama, na alikuwa tayari kwa lawama. Lakini Andwele alikuwa anacheka. Alicheka kama alivyocheka kwenye foleni, mpaka akaegemea ukuta.

"Linatoka kirahisi, ee?" akasema. "Mimi pia nilishangaa."

Zita alitaka kujibu vikali. Badala yake machozi yakamtoka, akayafuta kwa kiganja, yakatoka tena. Alikuwa amemchukia mtu huyu miezi yote hii kwa neno moja, akijua kabisa, bila shaka hata chembe, kwamba yeye asingeweza kulisema.

"Nirudi nikawaambie?" akauliza.

"Ukipenda."

Zita akafikiri. Kule mbele ngoma zilikuwa zimeanza.

"Sipendi," akasema. "Siendi. Wewe ulikaa na la kwangu tangu kiangazi, kila mtu anakupa mkono. Na mimi nitakaa na la kwako."

"Mpaka lini?"

"Mpaka siku ya harusi. Nitasimama mbele ya baba yako na mama yako na Watukuyu wenu wote, na watu wa kwetu, na Agnesi, nitasema nani aliona ule mteremko. Ukitaka kulisikia, nioe."

Andwele aliacha kucheka. Alimtazama vilevile alivyomtazama siku ya sabuni.

"Na nisipokuoa?"

"Nalala nalo kaburini, na ghala litabaki langu."

"Wewe mwanamke una roho mbaya, Zita."

"Mbaya sana. Na Dodoma nakwenda, uje au usije. Ukija, utakuja ukiwa mume wa mbunifu, wakikuuliza kazi yako useme unachora."

Andwele akamshika mkono, ule wenye alama ya wino isiyotoka kwenye kidole cha kati. Akaona kwamba cha kwake nacho sasa kilikuwa na alama kama hiyo. Akasema atamwandikia baba yake kesho, washenga waje kabla barabara hazijaharibika kwa mvua.

"Leo," Zita akasema. "Mwandikie leo."